Kizibo cha Mfereji Kwenye Gemu Yangu

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kucheza gemu, na tangu siku hiyo hajaacha kunikumbusha kwamba mimi ni mchezaji mbaya. Nilikuwa shule ya msingi, yeye yuko sekondari. Likizo ikifika, mama akitutuma mjini Moshi, tulishuka kutoka Kibosho, tukamaliza haraka kilichotupeleka, kisha tukaingia kwenye chumba kimoja cha intaneti kule mtaa wa Mawenzi. Kompyuta zake zilikuwa kuukuu, zimepangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari.

Gemu tuliyoipenda ilikuwa kuukuu kuliko hata hizo kompyuta. Ilikuwa ya aina ile ambayo wewe mwenyewe unakuwa mtu fulani ndani yake. Unamchagulia sura na tabia, unatembea naye nchi nzima, unaongea na wanakijiji, unapigana na majambazi, na taratibu yule mtu wako anakuwa hodari. Mwanzoni kabisa unaulizwa umpe nguvu kiasi gani, akili kiasi gani, bahati kiasi gani. Kaka alimpa nguvu zote zilizokuwepo akaanza safari. Zamu yangu ilipofika nilikaa kwenye ukurasa huo huo mpaka muda wetu ukaisha. Je, nikimpa nguvu akakosa akili? Je, nikimpa bahati, ikawa ni bahati ya kuokoka peke yake wenzake wakifa?

"Umemaliza?" kaka aliniuliza tukiwa tunasukumwa nje.

"Bado nafikiria."

"Mtu wako atazeeka hapo hapo hajazaliwa."

Gemu za wakati ule hazikukueleza kitu. Mzee mmoja anakuambia kwa Kiingereza kwamba binti yake amepotea ng'ambo ya mto, mashariki ya mawe matatu, halafu ananyamaza. Basi. Usiposikia, shauri yako. Kaka ndiye aliyekuwa mkalimani, na mkalimani yeyote mwenye mdogo wake pembeni huongeza ya kwake.

"Anasema binti yake amepotea. Anasema pia mdogo wako aache kula karanga karibu na vitufe."

"Amesema hivyo kweli?"

"Soma mwenyewe."

Sikuweza kusoma, kwa hiyo niliacha karanga. Kuna likizo nzima tuliyopotea ndani ya msitu mmoja. Kaka alikuwa ameelewa kwamba tugeuke kulia kwenye mti uliokauka. Miti yote ilikuwa imekauka. Aliyetengeneza gemu alichora mti mmoja tu, akaurudia mpaka ukawa msitu.

Na siku moja nilibonyeza vibaya nikampiga mlinzi wa lango la mji. Nilitaka kumsalimia. Mji mzima ukanikimbiza: walinzi, wauza mikate, hadi yule mzee wa binti aliyepotea, ambaye tulikuwa tunahangaika kwa ajili yake. Tulipofungua gemu likizo iliyofuata bado walikuwa wananikimbiza. Nilitafuta kitufe cha kusema samahani. Nilivibonyeza vyote. Hakikuwepo.

Nilipofika chuo kikuu, Dar es Salaam, nilikuta dunia imebadilika. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na laptopu nzuri, na kwenye laptopu hiyo gemu zilikuwa zimejifunza huruma. Mwanakijiji mwenye shida anawaka alama kichwani ili usimpite. Ukishaongea naye, mshale unatokea na kukuongoza mpaka mlangoni mwa shida yake. Ukiangusha kitu, gemu inakukumbusha. Ukifa, unarudi hatua mbili nyuma, kwa sababu gemu imekuwa ikiseva yenyewe muda wote, kama mama anayekufuata akiokota unavyoangusha. Hata majambazi wamekuwa waungwana: ukikua, nao wanakua, ili usije ukachoka kwa kuwashinda kirahisi. Ukimjibu mtu vibaya, maandishi madogo yanakujulisha kwamba amekasirika, na yanakuonyesha kwa kiasi gani.

Nilizunguka nchi kubwa kuliko mkoa wetu bila kusoma sentensi moja hadi mwisho. Nikimweleza kaka kwenye simu, alikuwa ananung'unika. Kaka anapeleka wageni mlimani, ni kazi yake, na kwake yeye mtu anayefuata mshale ni mgeni tu.

"Hiyo siyo gemu," alisema. "Hiyo ni kupelekwa."

Mimi niliipenda mno. Mtu mwenye wasiwasi kama mimi angependa nini zaidi? Nilipohitimu, nikarudi Kibosho na cheti changu ndani ya bahasha ngumu, jambo nililolikosa kuliko yote ni mshale. Nilituma maombi ya kazi huku na huko, na juu ya kichwa cha mtu yeyote aliyeyasoma hakukuwaka alama yoyote.

Kisha nikasikia kuhusu kampuni moja ndogo ya mjini Moshi, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Walikuwa wanatengeneza gemu za Kiswahili na walihitaji mtu mmoja. Hawakutaka cheti. Walitaka uje na gemu fupi uliyoitengeneza mwenyewe, ya kuvaa nafsi ya mtu, na siku hiyo mtu ambaye hajawahi kuiona angeicheza mbele yao. Wewe uliyeitengeneza ungekaa pembeni, na huruhusiwi kusema neno.

Niliitaka nafasi hiyo mpaka nikashindwa kula. Mama alilijua hilo, kwa sababu kukataa mtori wake, ile supu nzito ya ndizi na nyama, si jambo linalojificha. Naye, kwa upendo, akanitengenezea njia nyingine: baba mdogo alikuwa anatafuta mtu wa kumsimamia shamba lake la mpunga kule Kahe.

"Ukikosa hicho cha gemu, unashuka Kahe," alisema. "Mpunga nao unahitaji msomi."

Sina neno na mpunga. Lakini tangu siku ya yule mlinzi wa lango nilikuwa nataka kutengeneza gemu, na nilijua kabisa kwamba nikishuka Kahe nitakaa huko nikijiuliza hadi nizeeke. Ninajijua.

Gemu yangu ilihusu maji. Huku mlimani maji ya mashamba yanashuka kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, na kila familia ina zamu yake. Mfereji unazibwa kwa mawe, udongo na vipande vya mgomba. Zamu yako ikifika kizibo kinafunguliwa maji yaje kwako, ikiisha kinazibwa. Katika gemu, wewe ni kijana uliyerudi nyumbani kutoka mjini na kukuta shamba linakauka. Kaka yako alimtukana jirani anayesimamia zamu, jirani akaifuta familia yenu kwenye zamu. Kazi yako ni kumaliza ugomvi ili maji yarudi. Hakuna majambazi. Kuna mbuzi mmoja.

Nilipomaliza toleo la kwanza, kaka alikuwa ametoka mlimani na wageni, anapumzisha miguu sebuleni. Nikamwekea laptopu mapajani. Nilikuwa nimeweka mishale kila mahali, alama vichwani, na njia inayong'aa kutoka nyumbani mpaka kwa jirani. Kaka alibonyeza, akabonyeza, akanirudishia laptopu kabla chai yake haijapoa.

"Nimemaliza."

"Umeona jinsi jirani alivyoeleza kuhusu baba yake?"

"Jirani yupi?"

"Kaka! Uliyeongea naye!"

"Nilifuata ule mwanga. Kwani ilikuwa inahusu nini? Mbuzi?"

Nikaumia. Na mimi nikiumia huwa siendi katikati, naenda mwisho wa upande wa pili. Nilifuta mishale yote. Nilifuta alama, njia, ramani na maelezo. Nikatengeneza gemu kama zile za Mawenzi, ngumu na yenye heshima zake, nikamwita mama. Mama akakaa mbele ya kioo, mikono ameiweka mapajani, akamwangalia yule kijana aliyesimama katikati ya nyumba.

"Mama, mbona huchezi?"

"Nasubiri waniambie nifanye nini."

"Hakuna anayekuambia. Ndiyo uzuri wake."

"Uzuri kwa nani?"

Alisubiri kidogo tena kwa adabu, halafu akaenda kuangalia maharage yake.

Toleo la tatu lilikuwa la kisasa kabisa. Kila mwanakijiji nilimpa moyo mdogo mwekundu unaojaa kadiri anavyokupenda, kwa maana ndivyo gemu nyingi zilivyokuja kufanya: unampa mtu zawadi, moyo unajaa, anakuwa rafiki yako. Kaka alisimama mbele ya nyumba ya jirani akampa ndizi. Moyo ukajaa kidogo. Akampa ndizi nyingine. Akaenda shambani, akakata mkungu mzima, akarudi, akaendelea kumpa moja moja kama anayemlisha mtoto anayeota meno.

"Ananipenda sasa," alitangaza. "Amesahau matusi yote. Kumbe alikuwa na njaa tu."

Mama aliyekuwa anapita na ndoo alisimama. "Huyo si jirani, ni tumbili," alisema. "Si umpelekee isale, kama watu?"

Jambo lenyewe nilikuwa nalijua tangu naanza kutembea, lakini nilikuwa nimeanza kufikiria kama kompyuta, na kompyuta haikuwa na isale. Isale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani uliopandwa kwenye mipaka ya kila kihamba, ile ardhi ya ukoo yenye migomba na kahawa. Ukimkosea mtu sana, unampelekea jani lake. Anayeletewa hata kama ana hasira ya kupasuka hawezi kulikataa hivi hivi. Inabidi akae chini asikilize. Hicho ndicho kitufe nilichokitafuta siku ile mji mzima ukinikimbiza, na kilikuwa kimeota mpakani kwetu muda wote.

Nikaweka isale. Nilifurahi sana, nikala mtori bakuli mbili, nikamwita kaka.

Kaka kwanza alizunguka mipaka yote ya kijiji akichuma majani ya isale. Alichuma mpaka mfuko wa yule kijana ukajaa. Akaenda kwa jirani, akaiba mbuzi. Jirani akafoka. Akampa isale.

"Nimekusamehe, mwanangu," jirani akasema, akimnyooshea kibuyu cha pombe ya ndizi. "Karibu mbege."

Akamrudisha mbuzi, akaiba tena. Isale. "Nimekusamehe, mwanangu. Karibu mbege." Akaiba mara nyingine, jirani akiwa bado ameshika lile jani la kwanza.

"Acha!" nikamwambia.

"Mhitimu, subiri. Nataka nione kama anaweza kunisamehe huku nimempanda huyo mbuzi."

"Kaka, hivyo sivyo isale linavyotumika!"

"Mwambie jirani yako. Mimi nimekaribishwa mbege."

Alicheka mpaka akajishika mbavu, nami nikacheka baadaye, nilipokuwa peke yangu na hakuna wa kuniona. Lakini alikuwa amenionyesha tatizo. Kwenye zile gemu za zamani kosa moja lilikuwa la milele. Kwenye hizi mpya kosa ni deni dogo, unalilipa kwa zawadi, unaendelea na safari. Isale halipo huku wala kule. Halibebwi na mkosaji mwenyewe kama mtu anayekwenda na tiketi. Anatumwa mtu mwingine, mwenye heshima, na mtu huyo hakubali kutumwa mpaka ajue umefanya nini.

Kwa hiyo nikaandika upya. Isale linapokelewa mara moja tu. Lazima umpate wa kulipeleka, na huyo anakuuliza maswali: nani alianza, alisema nini, siku hiyo maji yalikuwa ya nani. Majibu yamo ndani ya mazungumzo ya wanakijiji, na hakuna mshale unaokupeleka kwao. Kaka alikaa nayo mchana mzima. Alimdanganya shangazi niliyemweka kuwa mpeleka isale, shangazi akamfungia mlango.

"Amenijuaje huyu?" aliuliza, amekasirika kabisa. Akarudi kwa wanakijiji, mmoja baada ya mwingine, akaanza kusoma. Nilimwona midomo ikitikisika. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba, kwa sababu furaha nayo huwa inanitia wasiwasi.

Siku yenyewe nilifika mapema kiasi cha kumkuta mwenye duka la chini anafungua mlango. Mkuu wa kampuni alikuwa kijana tu, mtu wa huku huku mlimani, upande wa Marangu. Aliyeandaliwa kucheza alikuwa mhasibu wao, mama wa makamo aliyehamia Moshi hivi karibuni akitokea Dodoma. Miwani yake ilikuwa imening'inia kifuani kwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi hizi gemu sizijui, nitakuharibia kitu chako."

"Hutaharibu, mama," nikasema, na hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho nililoruhusiwa. Nikakalia mikono yangu.

Alianza vizuri kupita matumaini yangu. Aliwasalimia wanakijiji wote, na kila mmoja alipomjibu, naye alimjibu kwa sauti. "Nzuri, baba, sijui wewe." Alisoma kila kitu. Alijua kuhusu matusi, kuhusu zamu, kuhusu kaka mtu. Akafika mpakani, akaliona isale. Gemu ikamuuliza kama anataka kuchuma. Akachuma. Nilianza kupumua.

Akaenda nalo moja kwa moja akampa mbuzi.

Mbuzi alikula. Nilikuwa nimemtengeneza ale chochote cha kijani, kwa vile mbuzi ndivyo alivyo. Mama mhasibu alimpapasa kwa kipanya.

"Alikuwa na njaa, maskini," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Hakuna mahali popote kwenye gemu yangu palipoeleza isale ni nini. Nani angeeleza? Waliokuwa wameicheza ni kaka na mama. Nilijivunia kwamba naandika gemu isiyomshika mtu mkono, kumbe niliwaandikia watu wa kihamba kimoja. Kwa mtu wa Dodoma, jani ni jani, na mbuzi ni mbuzi. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka mshale mmoja tu, mwekundu, mkubwa kama mlima. Nikazidi kuikalia mikono yangu mpaka ikafa ganzi.

Alikwenda kwa jirani mikono mitupu. Jirani akamwambia sina neno na wewe. Akamsalimia tena. Sina neno na wewe. Akamuuliza habari za watoto, ingawa sikuweka watoto.

"Huyu mtu ana kiburi," mama mhasibu alisema. Akapanda na mfereji kuelekea juu, polepole, akiangalia maji yanavyopita kwenda kwenye mashamba ya wengine. Akafika kwenye kizibo kinachozuia maji ya familia ya yule kijana. Akasimama.

Gemu ikamuuliza: Ungependa kufungua?

Sikumbuki kuandika swali hilo. Yaani gemu humuuliza mchezaji hivyo kwenye kila kitu kinachofunguka, na kizibo nilikifanya kifunguke kwa ajili ya jirani. Ilikuwa hivi: ugomvi ukiisha, jirani mwenyewe anapanda, anafungua kizibo, na kizibo kikifunguka maji yanashuka na gemu inaisha. Kwa hiyo kizibo kilikuwa kitu kinachoweza kufunguliwa. Sikuwahi kukikinga na mtu mwingine yeyote. Sikuweka kufuli, wala mlinzi, wala hata neno la onyo, kwa sababu wazo la kwamba mtu anaweza kupanda mchana kweupe akafungua maji ambayo si zamu yake halikuwahi kupita kichwani mwangu. Na kichwa changu hupitiwa na mambo mengi sana. Nilikuwa nimefikiria mchezaji akilala siku nzima, akijaribu kuingia kisimani, akitaka kumuoa shangazi. Kaka yangu mwenyewe, aliyeiba mbuzi yule yule mpaka mbuzi akamzoea, alipita pale kwenye kizibo kila siku na hakuwahi kukigusa.

Mama mhasibu akabonyeza ndiyo.

Maji yakashuka. Ngoma zikapigwa, vigelegele vikalia, kijiji kizima kikatoka kucheza, kwa sababu ndivyo nilivyowaagiza wafanye mwishoni. Jirani aliyeibiwa maji alikuwa mstari wa mbele, anaruka. Maandishi makubwa yakatokea: Hongera, umeleta amani.

"Imekwisha?" mama mhasibu aliuliza, amefurahi. "Mbona ilikuwa rahisi. Nilidhani gemu ni ngumu."

Mkuu wa kampuni alikuwa anaangalia kioo, mkono ameuweka mdomoni. Kisha akanigeukia.

"Sasa unaweza kusema. Ulikusudia iishe hivi?"

Nilijua jibu zuri lilikuwa lipi. Watengenezaji wa siku hizi hujisifia jambo hilo hilo: kwamba shida moja ina njia nyingi, kwamba mchezaji yuko huru, akitaka aombe, akitaka aibe. Ningesema ndiyo, ni uhuru wa mchezaji, na ningeonekana nimekomaa. Nililiandaa kabisa mdomoni. Halafu nikamwona jirani yangu kwenye kioo, bado anaruka kusherehekea maji yake yaliyoibwa, nikashindwa.

"Hapana," nikasema. "Sikujua kwamba kuna mtu anaweza kukifungua."

"Kwani kuna ubaya gani?" mama mhasibu aliuliza. "Maji si yapo? Kwetu Dodoma ukiyaona maji unakinga kwanza, maswali baadaye."

Nikaanza kumweleza. Nilieleza sana. Nilieleza zamu, nikaeleza mababu waliochimba, nikaeleza kwamba ukifungua maji ya mtu hukumkosea yeye tu, umewakosea wote walio chini yake, na walio chini yake wana majembe. Nilieleza isale, na mama mhasibu akashika kichwa.

"Jamani! Na mimi nimempa mbuzi!"

"Ni kosa langu, mama. Sikukuambia."

"Mimi natoka Marangu," mkuu wa kampuni akasema. "Alipoweka kipanya juu ya kile kizibo, niligeuka kuangalia dirishani kama kuna mtu anatuona." Ndipo akacheka, akacheka mpaka akatafuta kiti. Mama mhasibu naye akacheka, huku akiniomba radhi kwa niaba ya mbuzi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza Kahe, nawaza kama mpunga nao una zamu.

"Isale, weka namna mgeni atakavyolijua," mkuu wa kampuni alisema alipotulia. "Siyo mshale. Mtu amwambie. Ila hicho kizibo usikifunge."

"Nisikifunge?"

"Mtu akifungua, afungue. Lakini hao wanakijiji wasicheze ngoma. Kaandike kesho yake. Watu wameamka, maji hayapo. Wanafanya nini? Uje nayo Jumatatu."

Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. "Samahani. Nije nayo ili muiangalie, halafu ndiyo mwamue? Au nije, yaani, nije?"

Mkuu wa kampuni alimwangalia mama mhasibu, labda kumuuliza kama kila mara nitakuwa hivi. Mama mhasibu akanishika bega akanigeuza kuelekea dirishani.

"Mwanangu, meza ndiyo ile. Ukiendelea kuuliza watampa mwingine."

Nilipofika nyumbani kaka alikuwa uani anapiga brashi viatu vyake vya mlimani. Nikamweleza yote, na hakuamini. Siyo habari ya kazi, hiyo aliipokea kwa kunisukuma begani tu na kusema sasa utanunua karanga zako mwenyewe. Hakuamini habari ya kizibo. Nikamfungulia laptopu, nikampandisha mpaka juu ya mfereji, swali likatokea. Kidole chake kikasimama juu ya kitufe.

"Fungua," nikamwambia. "Uone ngoma zinavyopigwa."

"Sifungui."

"Ni gemu, Kaka."

"Fungua wewe. Wewe ndiye mwenye kampuni." Akanirudishia laptopu, akaendelea na viatu.

Basi nikamwacha nikaenda jikoni, kwa sababu Jumatatu haikuwa mbali, nami ile kesho yake niliyoagizwa kuiandika sikuijua. Tangu nizaliwe sijaona mtu akifungua maji ya mwenzake, wala sijui kinachofuata. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nikakaa kwenye kigoda karibu naye, nikachukua kisu nimsaidie, nikauliza taratibu, nisimshtue.

"Mama, mtu akifungua maji ambayo si zamu yake, huwa wanamfanya nini?"

Kisu chake kikasimama. Aliniangalia usoni, akaniangalia miguu kama ina tope, akaiweka ndizi chini.

"Umefungua maji ya nani?"

"Hapana, mama, nauliza tu. Ni ya kazini."

"Kazini wapi, na kazi huna?" Alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga vizuri, tayari kutoka. "Sema upesi, ni ya nani, niwahi kumtuma mtu na isale kabla hawajafika hapa."